Wanga wa Irving

Daktari wangu hapa Irving, Texas, alipoona kipimo changu cha sukari, aliniambia nipunguze wanga. Jioni nikampigia Mama, Kitale, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Akukataze Wanga, na mkeo ametoka Mumias?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomfafanulia kwamba ni wanga wa ugali, si Wanga watu wa Mumias, kicheko kikakatika. "Sasa utakula nini?"

Ana haki ya kuuliza. Punje kavu ya mahindi ni wanga kwa karibu asilimia 70, nami nimelelewa nayo.

Si kwamba Texas imekosa mahindi. Wiki yangu ya kwanza nilinunua unga mweupe, nikachemsha maji, nikasonga. Ukaumuka! Kumbe ulikuwa umeshatiwa chumvi na beking pauda. Ni wa mikate yao. Mara ya pili nikachukua unga wa tortilla. Huo mahindi yake huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, ujuzi wa kale wa Wamexico, na wanga wake umeshaiva nusu, hivyo hushikamana hata kwa maji baridi. Mwiko ulinasa kana kwamba nimekoroga gundi. Na Gruma, wakubwa wa unga huo duniani, wana ofisi zao kuu za Marekani papa hapa Irving. Nimehamia mji wa unga nikashindwa kusonga ugali.

Siku hizi nanunua kwenye duka la Waafrika, kwa bei ambayo simtajii Mama.

Mahindi ya Kitale nayo hayakuota pale tangu Adamu. Hickory King, mbegu ya kusini mwa Marekani yenye punje pana nyeupe, ilipitia Afrika Kusini, walowezi wakaileta Kenya. Damu yake imo katika mahindi ya Kitale ambayo watafiti waliyachanganya na ya Ecuador, wakatoa mbegu ya H611 mwaka 1964. Njaa ya 1984 ilipotuletea mahindi ya manjano, mengine kutoka Marekani, Mama aliyaita chakula cha kuku. Yale meupe aliyoyalilia yalikuwa na nyanya Mmarekani vilevile.

Juzi mtaalamu wa lishe aliniuliza ugali hupikwaje. Nikamwonyesha kwa mikono. Akanieleza kinachotokea ndani ya sufuria: chembe za wanga hunywa maji na kuvimba, na joto likikaribia nyuzi 70 hulegea na kupasuka. Karibu robo ya wanga huo ni amilosi, minyororo mirefu isiyo na matawi mengi. Ugali ukipoa, minyororo hiyo hujipanga na kushikana upya. Ndiyo sababu wa jana hukatika kwa kisu. Sehemu ya wanga uliojifunga hivyo hulishinda tumbo, ikapita bila kugeuka sukari. Akanishauri nipike usiku, niweke kwenye friji, nile kesho yake, tena kipande kidogo.

Kiporo, kwa maneno mengine. Tulichokula na chai ya rangi kabla ya shule, tukiwaficha wenzetu.

Nikampigia Mama kumpa habari. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua hilo nimelilipia dola ngapi.