Skrubu ya Hewa na Miteremko ya Kilungu

Skrubu ya kutolea hewa kwenye breki ni kipande kidogo cha chuma kinachokaa nyuma ya gurudumu, sehemu ya juu kabisa ya silinda au kalipa, kwa kuwa hewa daima hupanda juu ya oili. Ncha yake imechongwa mithili ya koni ili izibe tundu, na katikati ina njia nyembamba. Ikilegezwa kidogo huku pedali ikikanyagwa, oili hutoka na mapovu yake. Ikikazwa, pedali hurudi kuwa ngumu. Isipofunguka, oili iliyochoka hubaki ndani.

Hasara ya oili hiyo huonekana mapema kwenye miteremko ya Kilungu, Ukambani, kuliko kwenye tambarare za Emali. Gari linaloshuka kutoka Nunguni kuelekea Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, hupasha breki joto kwa muda mrefu bila kupumzika. Oili mpya ya DOT 3 haichemki kabla ya kufika nyuzi 205 za selisiasi, lakini oili hiyo hunyonya unyevu, na kipimo cha chini kinachokubaliwa kwa iliyolowa ni nyuzi 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa ilhali oili haibanwi. Pedali huzama hadi sakafuni na gari lingali linashuka.

Katika miaka ya 1970 na 1980, enzi za pikapu za Peugeot 404 na 504 zilizogeuzwa matatu, skrubu hizi hazikukwama sana. Si kwamba zilikuwa bora. Breki nyingi zilikuwa za dramu, za kurekebishwa kwa mkono, na mipira ya silinda ilichakaa upesi kwa vumbi na tope jekundu. Gurudumu lilivuliwa mara kwa mara, na kila lilipovuliwa skrubu iliguswa. Waliosafiri enzi hizo wanamkumbuka makanga aliyeruka chini na jiwe mkononi ili kuzuia gurudumu penye mlima, na fundi aliyelala chini ya gari, mpira mwembamba ukitoka kwenye skrubu hadi ndani ya chupa ya soda, akimwamuru aliye kwenye usukani: kanyaga, kanyaga, shikilia! Mwisho wa mpira ulizamishwa ndani ya oili ili chupa isirudishe hewa. Kilichoharibika zaidi ni kichwa cha skrubu: spana iliyopanuka au praya ililamba kona zake mpaka kikawa mviringo.

Mambo yaligeuka baada ya uagizaji wa magari kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari yaliyotumika yalimiminika, hasa kutoka Japani, yakiwa na breki za diski mbele na mipira inayodumu. Pedi zikiisha, fundi hurudisha pistoni nyuma, hubadilisha pedi na kufunga gurudumu; skrubu haiguswi. Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane, kwa hiyo skrubu inaweza kufika Ukambani ikiwa haijafunguliwa tangu kiwandani, na kwa gari la kutoka Uingereza, ikiwa imepita majira ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi. Penye kalipa ya alumini na skrubu ya chuma hali huwa mbaya zaidi, maana metali mbili tofauti zikikutana na unyevu huliana. Hivyo breki zilivyozidi kuwa nzuri ndivyo skrubu zilivyozidi kukwama.

Mbinu nazo zimebadilika. Zamani palikuwa na mafuta taa, nyundo na tindo, na subira ya kuacha gari usiku kucha. Subira hiyo ndiyo sehemu iliyostahili kuhifadhiwa. Sasa uzi husafishwa kwa brashi ya waya, mafuta ya kupenya kutu huwekwa, kisha kichwa hugongwa taratibu ili kutu ipasuke. Soketi ya pembe sita hushika vizuri kuliko ya pembe kumi na mbili. Skrubu hukazwa chembe kabla ya kulegezwa, kisha huchezeshwa mbele na nyuma. Anayelazimisha upande mmoja huikata, kwa sababu ina tundu katikati na haina nguvu. Moto wa gesi hufaa tu silinda ikiwa imeng'olewa, imetolewa mipira na kupanguswa oili, kwa kuwa oili ya breki huwaka.

Ikikatika, welda huweza kuchomelea nati juu ya kisiki: joto hulegeza uzi, na nati huwa kichwa kipya. Kutoboa kwa keekee ni kazi ya mkono mtulivu, kwani sehemu ya chini inayokaliwa na koni ikikwaruzwa haitaziba tena. Chuma cha kung'olea kisiki kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haikiingii. Siku hizi wengi hawafiki huko. Silinda mpya ya dramu huagizwa kutoka maduka ya vipuri ya Grogan, Nairobi, na ya zamani hutupwa. Kwa silinda hilo ni jambo la busara. Kalipa ni ghali, na hapo ndipo hila mbaya huzaliwa, kama kutoa hewa kwa kulegeza paipu. Paipu ikiwa chini ya kilele cha kalipa, povu hubaki juu. Hali huwa hiyohiyo kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana nafasi: skrubu hutazama chini, na oili hutoka safi huku pedali ikibaki laini.

Skrubu mpya hupakwa grisi nyembamba kwenye uzi tu, mbali na ncha, na hukazwa kwa mkono mwepesi. Kofia ya mpira hurudishwa juu yake ili kuzuia tope. Oili ikibadilishwa kila miaka miwili, skrubu zote nne hufunguliwa kabla kutu haijashika.