Siku Tatu Kando ya Mfereji wa Amphawa

Msafiri atokaye Bangkok, mji mkuu wa Thailand, akaelekea kusini-magharibi kwa basi, huiona nchi ikizidi kuwa tambarare hata hakuna kilima cha kusimama mtu akatazama mbali. Baada ya saa moja na nusu hivi hufika mahali mto Mae Klong unapokaribia kuingia baharini. Hapo ndipo ilipo Amphawa, katika jimbo la Samut Songkhram. Mimi nilikuwa nimepelekwa Bangkok kwa mafunzo ya kazi ya majuma matatu, na tulipopewa mapumziko tangu Ijumaa hata Jumapili, wenzangu wengi walikwenda kutazama maduka makubwa ya mjini. Mimi nilitaka kuliona soko la mashua ambalo nilikuwa nikisikia habari zake. Na tena, kusema kweli, posho yangu haikutosha hoteli ya mjini.

Yafaa msomaji afahamu kwanza kwamba katika nchi hiyo, iliyoitwa Siam mpaka ilipobadilishwa jina mwaka 1939, mifereji ndiyo iliyokuwa barabara. Bangkok yenyewe ilijaa mifereji, na mingi ilifukiwa baadaye ili magari yapate kupita. Huku kwenye Mae Klong ingalipo. Ulio mashuhuri kuliko yote ni ule wa Damnoen Saduak, uliochimbwa kwa amri ya Mfalme Mongkut kuanzia mwaka 1866 hata 1868, ukaunganisha mto Mae Klong na mto Tha Chin kwa urefu wa kilomita 32 hivi. Ulichimbwa kwa mikono ya watu na majembe. Amphawa nayo ina heshima yake: Mfalme Rama wa Pili alizaliwa huko mwaka 1767.

Nyumba niliyofikia ilikuwa mojawapo ya safu ya nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo ukingoni mwa mfereji. Mlango wake wa mbele unatazama maji, wala si barabara, na mtu ajaye kwa miguu huingia kwa nyuma, kana kwamba apitia jikoni. Maana zilijengwa zamani ambapo mgeni alikuja kwa mashua. Viatu huachwa nje. Chumba changu kilikuwa na godoro lililotandikwa juu ya sakafu, chandalua, feni moja yenye kelele, na msumari wa kutundikia nguo. Choo na mahali pa kuogea ni vya wageni wote, na kando yake umesimama mtungi mkubwa wa maji wenye picha za majoka, wa namna ifinyangwayo katika jimbo jirani la Ratchaburi. Kwa usiku mmoja nililipa chini ya baht 600, pamoja na uji wa wali wa asubuhi. Mbao za sakafu zina nafasi kati yake, na nilipolala niliweza kuyaona maji yakimetameta chini yangu. Maji hayo hupanda na kushuka kama yale ya Mtwapa, kwani bahari haiko mbali. Jioni yalikuwa yameifikia ngazi ya tatu ya nyumba. Alfajiri ngazi nane zilikuwa wazi, zimejaa matope na kaa wadogo.

Mwenye nyumba ni mama wa umri wa miaka sitini na kitu. Watu wa huko, kama sisi, hawamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Humwita mjomba, shangazi au babu hata kama hakuna udugu wa damu. Basi nami nilifundishwa kumwita Pa, yaani mama mkubwa, naye akaniita mwanawe. Binti yake, ajuaye Kiingereza vizuri, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

Soko la Amphawa huwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, tangu alasiri hata usiku. Wapishi hukaa ndani ya mitumbwi iliyofungwa ukingoni, kila mmoja na jiko lake la makaa, wakichoma ngisi, kamba na chaza, au wakipika tambi katika mchuzi. Mnunuzi huketi kwenye ngazi za ukingo, akapokea sahani yake kutoka mashuani. Moshi huwa mwingi, na watu ni wengi zaidi. Saa moja ya usiku mtu hawezi kutembea ila kwa kusukumwa. Lakini soko hili si urithi usiokatika kama wageni wengi wanavyodhani. Barabara zilipokuja, wafanyaji biashara waliyaacha maji, vijana wakahamia Bangkok, na soko likafa. Lilifufuliwa mwaka 2004 na wakubwa wa mji pamoja na wenyeji, na mwaka 2008 kazi ya kuhifadhi nyumba za mfereji ule ilipata sifa kutoka UNESCO.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Damnoen Saduak, ambako soko ni la asubuhi. Ni hapo zinapopigwa picha zile za akina mama wenye kofia pana na mitumbwi iliyojaa matunda. Sikupapenda sana. Mashua za injini zilizojaa watalii zilikuwa nyingi kuliko za matunda, na vitu vingi vilivyouzwa ni kofia na vinyago ambavyo mtu aweza kuvipata popote. Nilinunua balungi moja nikaondoka.

Kilichonipendeza ni mashamba yaliyo nyuma ya soko, na hapa nawaomba wenzangu wakulima wanisikilize. Nchi ile ni ya chini mno, na mti uliopandwa hivi hivi ungeoza mizizi. Kwa hiyo wakulima huchimba mitaro, na udongo wake huurundika katikati kuwa matuta mapana, marefu kama kitalu cha chai, na juu yake hupanda minazi, mipera na mibalungi. Maji ya mitaro hufunguliwa na kuzuiliwa kwa milango midogo. Wakati wa ukame mkulima hupita mtaroni na mashua, akirusha maji huku na huku juu ya matuta. Na tope la mtaroni huzolewa kila baada ya muda likawekwa juu ya tuta kuwa mbolea. Kwa njia hiyo mtaro ule ule hukausha shamba, hulinywesha, na hubeba mavuno.

Tena wagema! Kama vile kwetu Kilifi, hupanda mnazi asubuhi na jioni, wakalikata karara na kutundika chombo cha kukingia. Lakini utomvu huo hawauachi kuwa tembo. Hutia chomboni vipande vya mti uitwao phayom ili usichachuke, kisha huuchemsha katika karai kubwa mpaka ukawa sukari ya rangi ya asali, ambayo huuzwa nchi nzima. Nilijiuliza ni familia ngapi za pwani yetu zingeweza kufanya hivyo.

Nilipita pia mji wa Mae Klong kuliona gari moshi lipitalo katikati ya soko, ambapo wauzaji huvuta nyuma miavuli na vikapu vya samaki, kisha huvirudisha mara behewa la mwisho likipita. Reli yenyewe ni ya upana wa mita moja, sawa na ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Kando ya mto hukua miti iitwayo lamphu, ambayo ni ndugu wa mililana ya pwani yetu, na usiku miti hiyo hujaa vimulimuli. Ajabu yake ni kwamba vimulimuli hao huwaka na kuzimika pamoja, maelfu kwa mara moja, kana kwamba mti mzima unapumua. Wageni huja kwa sababu yao. Giza likiingia, mashua za injini huanza kuwachukua, moja baada ya nyingine, na usiku wa Ijumaa nilizisikia mpaka karibu saa tano. Kila ipitapo mashua, nyumba hutikisika na vyombo vya Pa hulia kabatini. Mawimbi hula ukingo, na udongo ukiisha mti huanguka.

Jumamosi usiku sikupanda mashua ya injini. Mzee mmoja jirani alikubali kunichukua kwa mtumbwi wa kafi. Tulikwenda polepole, tukaukuta mti mmoja unaowaka, tukakaa chini yake kimya. Mashua mbili zikaja, taa zikaelekezwa mtini, watu wakapiga kelele za furaha, wakaondoka. Vimulimuli walizimika, wakakawia kuwaka tena. Mbele kidogo mzee alinionyesha kisiki cha lamphu. Alisema mwenye kiwanja aliukata mwenyewe kwa msumeno, kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga, na alijua kwamba mti ukiondoka mashua hazitasimama tena mbele ya nyumba yake. Nilitaka kumlaumu mtu huyo, nikashindwa.

Jumapili alfajiri mtawa wa dini ya Buddha alipita akipiga kafi peke yake, na Pa akapiga magoti ngazini kumpa wali na mchuzi. Alipokwisha nilimwuliza kama angependa soko lifungwe ili apate utulivu. Binti yake alicheka kabla ya kutafsiri jibu. Pa alisema kwamba kabla ya mwaka 2004 palikuwa na utulivu mwingi sana, na binti huyu alikuwa akifanya kazi kiwandani Bangkok, akija nyumbani mara moja kwa mwaka. Sasa yuko hapa, na wajukuu wako hapa. Kisha akaongeza kwamba mimi ningekuja Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku yake ya kulala.