Mwaka Mpya Humngoja Baba

Kalenda ina mwaka mpya mmoja. Walimwengu wanayo mingi. Wafalme wa Burundi waliufungua mwaka wa kilimo kwa Umuganuro, sikukuu ya mtama ya mwezi Desemba, hadi ilipokomeshwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, Mwaka Kogwa huingia Julai, na wanaume hutwangana kwa mashina ya migomba ili vinyongo visivuke mwaka.

Basi majirani wa mtaa wa Cibitoke, jijini Bujumbura, wasimcheke mke wa askari aliye zamu usiku wa tarehe 31 Desemba. Nje watu hushangilia. Nyumbani kwake mwaka wa zamani hukatazwa kuondoka. Soda hazijafunguliwa, jogoo angali anawika, na amri imekwisha kutolewa: mwaka hauingii kabla ya baba. Tarehe 2 Januari, buti ziliapo kizingitini, watoto hupaza sauti, "Umwaka mushasha muhire!" Jogoo peke yake ndiye asiyefurahi.

Wazee wa mtaa huo hutabasamu, lakini hawacheki sana. Wanavikumbuka vita vilivyoanza mwaka 1993, na nyumba ambazo mwenye buti hakurudi. Kwao, mwaka huanza watu wa nyumba wanapotimia kuzunguka sinia. Basi mama na angoje, wala asione haya mbele ya majirani. Wahenga walisema: kawia ufike.