Matombo: Ulanga Uliondoka, Maji Yanaendelea Kushuka

Tuliondoka mjini Morogoro baada ya swala ya Alfajiri, tukashika njia ya Bigwa na kuizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki. Tulipita Kiroka na Mkuyuni kuelekea Matombo. Mjini tuliacha vumbi. Huku, kila tulipopinda kona, migomba ilizidi kusongamana na mawingu yalizidi kushuka.

Tofauti hiyo ina sababu. Upepo wa Bahari ya Hindi hukutana kwanza na miteremko hii, ukapanda, ukapoa na kumwaga mvua. Sehemu za juu za mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Morogoro, uliojificha nyuma ya mlima, haufikishi hata 1,000. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinapita mita 2,600.

Adhuhuri ilitukuta kijijini. Maji ya kutawadhia yalikuwa baridi ya kuumiza vidole. Baada ya swala tulimwamkia mzee mmoja: "Shikamoo, babu." "Marahaba, wanangu. Karibuni." Akatuongoza hadi kijitoni, akainama na kuokota mchangani kigae chembamba kilichometameta kama kioo. Kilikuwa ulanga.

Hayo ndiyo madini yaliyowaleta wageni Uluguru. Tangu enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ulanga wa milima hii ulichimbwa na kusafirishwa ng'ambo, kwa kuwa hauungui wala haupitishi umeme. Baadaye Matombo ilipata sifa kwa wafanyabiashara wa vito kutokana na yakuti yake nyekundu.

"Walibeba ulanga wakaenda zao," alisema mzee. "Maji hayahitaji mbebaji. Yanashuka yenyewe mpaka kwenu."

Alisema kweli. Vijito hivi ndivyo huunda mto Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini husafisha maji yake kwa ajili ya Dar es Salaam na Pwani. Mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua, jiji zima lilionja mgawo wa maji.

Ni rahisi kwetu wa mabondeni kuwalaumu wakulima wa milimani kwa kukata miti na kulima miteremko. Tulipomgusia mzee jambo hilo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mtoto akilala na njaa, wanangu, mti niliouacha utampikia nini?"

Historia inamuunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima wengi hawakuona faida yake. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka hapa Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ule ukafa. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa na maana, lakini aliyeagizwa kuubeba mzigo hakushirikishwa.

Hata hivyo, ipo miti inayolisha bila kuangushwa. Mzee alituonyesha mikarafuu na midalasini yake, iliyoshika udongo kwenye mteremko mkali. Kilio chake ni bei: gunia likifika sokoni, faida huwa ya wengine.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusifuje maji tunapotawadha, hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Alitufundisha pia haki za jirani. Sisi tunaokunywa Ruvu ni majirani wa watu wa Matombo, ingawa tumetenganishwa na safari ya siku nzima. Basi tufunge bomba vizuri msikitini na nyumbani, na tunaponunua mdalasini wa Uluguru tusimbane mkulima kwa bei. Anayetutunzia chemchemi naye ana watoto wa kulisha.