Mzinga Mtupu Haukuacha Kuvuma

Wahenga walilonga kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Aghalabu methali hii huelekezewa watu: mjinga mwenye maneno mengi, au maskini ajigambaye kwa mali asiyo nayo. Ni nadra kusikia kisa ambapo chombo kitupu kilivuma kwelikweli, kikaaminiwa, na kuaminiwa huko kukaleta hasara. Kisa cha namna hiyo kilitokea upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui, wakati wa ukame wa mwaka 2022.

Mzee mmoja wa huko alikuwa mfugaji nyuki tangu ujana wake. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, ile ambayo Wakamba huiita myatu, nayo ilitundikwa katika migunga na mibuyu mbali na nyumbani. Hakuhitaji kuifungua ili ajue hali yake. Alibandika sikio kwenye gogo, akaligonga kwa kifundo cha kidole, kisha akangoja. Nyuki wakiwa wengi na wazima, mvumo ulipanda ghafla na kushuka mara moja, mithili ya mtu aliyeamshwa akageuka na kulala tena. Nyuki waliopoteza malkia walijibu kwa mlio mrefu usiotulia. Mzinga usio na kitu ulirudisha sauti ya mti tu.

Miaka ikapita, na magoti ya mzee yakakataa safari. Mjukuu wake, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa amepanga chumba mjini Wote, Makueni, akaazimia kumtengenezea sikio la mbali. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri wamewahi kurekodi sauti za mizinga kwa kompyuta ndogo. Kijana alinunua kipazasauti cha ukubwa wa kifungo cha shati, maikrokontrola, betri na modemu ya simu. Kipazasauti kilikaa ndani ya mzinga. Vifaa vingine vilikaa katika sanduku lililofungwa kwenye shina. Waya wa mita 3 ukaviunganisha. Nyuki arukapo hupiga mbawa zake mara 200 hadi 250 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo programu iliagizwa kutafuta mtetemo ulio kati ya 200 na 300 kwa sekunde, na ikiupata, babu apokee ujumbe kwenye simu yake: "Nyuki wapo."

Dalili ya kwanza ya hatari ilionekana mapema, ila haikusomwa vyema. Chumbani Wote, kifaa kilinguruma hata palipokuwa kimya. Kijana aliijua sababu. Mnamo mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo. Umeme wa Kenya hubadili mkondo wake huku na huku mara 50 kwa sekunde, nao ulikuwa umezunguka chumba kizima ukutani. Kipazasauti kile hutoa volti chache tu zilizogawanywa kwa elfu. Kinachoingia kwenye waya wake kwa bahati mbaya, hata kiwe kidogo namna gani, huwa mshindani wa sauti yenyewe. Kijana hakujali. Alijiambia kwamba porini Ikutha hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme.

Kifaa kikafungwa. Kila jioni simu ya mzee ilileta habari ileile: "Nyuki wapo." Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, na katika miaka kama hiyo nyuki huhama wakikosa maji na maua. Zamani mzee angalimtuma mtu kila siku mbili kupeleka maji chini ya mizinga, na kuleta habari za mlangoni mwake. Sasa alikuwa na ujumbe wa simu. Maji yalikuwa machache nyumbani, mbuzi walikuwa na kiu, na nyuki, kwa mujibu wa mashine, walikuwa salama.

Walipoushusha mzinga ule kwa kamba, ulikuwa mwepesi. Ndani mlikuwa na masega makavu yaliyofumwa utando na viwavi wa nondo wa nta. Nyuki walikuwa wameondoka zamani. Mzee aliliinamia gogo, akaligonga kwa mazoea, kisha akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hii mashine yako ilikuwa ikimsikia nani?"

"Umau, nami sijui," kijana akajibu.

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe. Modemu za kizazi cha pili cha simu hazitumi mawimbi mfululizo. Hutuma kwa mafungu mafupi, mara 217 hivi kwa sekunde. Waya wa mita 3 uliyapokea mawimbi hayo kama antena. Transista iliyomo ndani ya kipazasauti iliyachuja, ikabakiza mdundo wa kuwaka na kuzima kwake. Mdundo wa mara 217 kwa sekunde unaangukia palepale pa mbawa za nyuki. Kwa kuwa kifaa kilituma huku kikisikiliza, kilikuwa kikijisikia chenyewe na kutangaza kuwa kimesikia wengine.

Wanafunzi wa Kiswahili wataona kwamba lugha ilikuwa imekwisha kuwaweka jirani maneno mawili. Nyuki huvuma, na sauti yao ni mvumo. Habari isiyo na chimbuko nayo huvuma, na jina lake ni uvumi. Mashine haikujua kutenga mvumo na uvumi.

Marekebisho yalikuwa ya fedha kidogo. Waya wa zamani uliondolewa, ukawekwa mfupi zaidi wenye nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, ufundi ambao Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Nyuzi zikisokotwa, uchafu huziingia zote mbili karibu sawasawa, na kipokezi kinachosoma tofauti baina yake huufuta. Juu yake ulivikwa wavu wa shaba uliounganishwa na waya wa ardhi wa saketi upande wa sanduku tu, kwani ukiunganishwa pande zote mbili huweza kuwa njia nyingine ya uchafu huohuo. Kikuza sauti kilihamishiwa kando ya kipazasauti, ili sauti isafiri ikiwa na nguvu, na kapasita ndogo ikawekwa papo hapo kuyapitisha kando mawimbi ya redio. Badiliko la mwisho halikugharimu hata shilingi: modemu iliamriwa kunyamaza wakati wa kusikiliza, na kusema baada ya kusikiliza. Hiyo ni adabu ambayo mtoto yeyote wa Ukambani hufunzwa barazani pa wazee.

Kisha kijana akafanya jaribio ambalo alipaswa kulifanya mwanzoni. Alikiweka kifaa katika mzinga ule ule mtupu, akangoja usiku kucha. Asubuhi simu ya mzee ikaleta ujumbe mpya: "Hamna nyuki." Mzee akacheka, akasema kwamba hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya kweli kutoka kwa mashine hiyo. Kwa hakika, "ndiyo" ya chombo kisichoweza kusema "hapana" haina uzito wowote.

Mvua kubwa zilinyesha mwishoni mwa mwaka 2023, na migunga ikachanua. Jioni moja ujumbe wa "Nyuki wapo" ukafika tena. Kijana alimpigia babu yake simu kutoka Wote kwa furaha. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Umebandika sikio?"

Jumamosi iliyofuata kijana alipanda gari la Kitui.