Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kirusi cha Lukemia ya Ng'ombe

Aghalabu, maelezo kuhusu kinga ya mwili huazima lugha ya vita: chembechembe nyeupe za damu huitwa askari, na maradhi huitwa adui. Sitiari hiyo hufaa, hadi inapokutana na kirusi cha lukemia ya ng'ombe kilichogunduliwa nchini Marekani mwaka wa 1969. Kirusi hiki hakimwui askari. Humwingia na kukaa naye.

Seli kinayoilenga zaidi ni limfosaiti ya aina ya B, ile ile itokanayo na ukoo wa seli zinazotengeneza kingamwili. Protini ya kirusi hushikana na utando wa seli, tando mbili huungana, na RNA yake huingia ndani. Hapo kimeng'enya cha kirusi hufanya kazi iliyo kinyume cha desturi: hunakili RNA kuwa DNA. Nakala hiyo hupachikwa katika DNA ya ng'ombe mwenyewe, mithili ya aya ya mgeni iliyochomekwa katika kitabu cha ukoo.

Tangu hapo kirusi hunyamaza. Kila seli igawanyikapo, aya ile hurithishwa. Kingamwili zimo damuni, lakini seli isiyoonyesha protini ya kirusi haina alama ya kuitambulisha. Ng'ombe wengi walioambukizwa hula, huzaa na kukamuliwa bila dalili yoyote. Takriban thuluthi moja huzidisha limfosaiti damuni. Chini ya 10% hupata uvimbe wa saratani, kwa kawaida baada ya miaka kadhaa.

Unyamavu huo ndio hatari yenyewe. Seli zilizoambukizwa husafiri katika tone la damu: kwa sindano moja inayodungwa kundi zima, kwa kifaa cha kukatia pembe kisichosafishwa, kwa nzi waumao. Mkono unaotibu huweza kuwa ndio unaoeneza.

Tiba haipo. Denmark na Uingereza zilikitokomeza kirusi hiki kwa kupima damu na kuwaondoa ng'ombe walioambukizwa. Ni rahisi kuyaandika hayo. Ni vigumu kumwambia mfugaji amtoe zizini ng'ombe mnene, mwenye maziwa tele, ambaye jicho halimwoni na kasoro. Sitiari ya vita humfundisha mfugaji kumtafuta aliyeanguka. Kirusi hiki humdai amchunguze aliyesimama, na abadilishe sindano kwa kila ng'ombe kabla ya kujua yupi ni yupi.