Deni la Mkate Mjini Yazd

Mkate ule ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Ulikuwa umeokwa juu ya vijiwe vya moto, na kimoja bado kilikuwa kimenata kwenye ukoko wake. Nilipotoa noti, mzee mwokaji aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa na kusema, "Qabel nadare." Mke wangu, ambaye usiku kucha ndani ya basi alikuwa akisoma kijitabu cha Kifarsi, alinifasiria: si kitu, haistahiki hata kutajwa mbele yako. Tukadhani ni sadaka kwa msafiri. Tukamwombea dua, tukaenda zetu tukila.

Hiyo ilikuwa siku ya 6 ya safari yetu nchini Iran, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Tulianzia Shiraz, mji ambao sisi watu wa mwambao hatuuingii kama wageni kabisa, kwa kuwa jina lake limo katika nasaba za jamaa zetu wengi, ingawa wanahistoria hawajaafikiana ni wangapi hasa waliotoka huko, na lini. Nilifurahi kuyasikia maneno ya nyumbani katika vinywa vya watu: rang kwa rangi, bandar kwa bandari, pambe kwa pamba. Katika mtaa wa Sang-e Siah tulizuru kaburi la Sibawayh, yule Mfarsi aliyewaandikia Waarabu sarufi ya lugha yao wenyewe. Nami nikamkumbuka ustadhi wangu wa nahau, pamoja na bakora yake.

Ama Yazd ni mji wa udongo uliosimama jangwani, na ajabu yake ni kwamba unaishi. Juu ya mapaa kuna minara iitwayo badgir, yenye matundu ya kunasa upepo na kuushusha vyumbani. Chini ya ardhi kuna qanat, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka miinuko ya mbali, ikiwa na mteremko mdogo mno hata maji hujiendea yenyewe hadi mjini bila pampu. Mchimbaji akikosea mteremko kidogo tu, maji hutuama, au huenda kwa kasi na kuubomoa mfereji.

Katika nyumba ya wageni, kijana mwenyeji alitusikiliza tukisimulia ukarimu wa mwokaji. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hamkumlipa?" Akatueleza adabu yao iitwayo taarof, neno la shina moja na lile la Suratul Hujurat, la watu kujuana. Muuzaji hukataa malipo kwa heshima, mnunuzi humsihi, hukataa tena, mara ya tatu hupokea. Nilihisi uso ukiniwaka. Kwani kwetu hatuna? Ukimkuta mtu anakula, hukwambia "karibu", nawe hujibu "ahsante, nimekwishakula", hata kama tumbo linanguruma.

Tulirudi mbio, tukakuta duka limefungwa hadi jioni. Basi letu la Isfahan lilikuwa la saa 8 mchana na tiketi tumekwishazilipia, katika nchi ambayo kadi zetu za benki hazifanyi kazi na kila noti mfukoni ina hesabu yake. Nilipendekeza tumwachie kijana fedha amfikishie. Mke wangu alikataa: "Deni la mkate wa mzee silibebi hadi Isfahan." Tukapoteza tiketi.

Tuliswali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamii, ambao uwanjani mwake zipo ngazi zinazoshuka hadi kwenye qanat ya Zarch. Nakiri niliingia na wasiwasi. Wenzetu wale ni Mashia, husujudu juu ya kipande cha udongo na huswali mikono ikiwa imeteremshwa. Mimi nilifunga yangu kifuani kama nilivyofunzwa. Jirani yangu aliitazama, kisha akasogea kunipa nafasi kwenye busati. Baada ya salamu alinipa mkono: "Taqabbalallah." Hakuuliza lolote.

Jioni kijana alitusindikiza. Mzee alikataa mara ya kwanza, na ya pili. Ya tatu alipokea noti moja, akanirudishia mbili, kwani nilikuwa nimechanganya hesabu: noti huandikwa riali, lakini watu huhesabu kwa tomani, na tomani moja ni riali 10. Kisha akachomoa mkate mwingine tanurini, akaufunga ndani ya kitambaa na kumpa mke wangu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikasihi mara moja, mara mbili, mara tatu. Mzee akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaufumba.

"Hii si taarof," alisema kijana. "Huu chukueni."

Kipande cha mwisho tulikila asubuhi yake Isfahan, juu ya daraja la matao 33. Mto Zayandeh Rud chini yetu ulikuwa mkavu, na watoto walikuwa wakicheza mpira pale maji yalipopaswa kupita.